Waliotangulia kuuangalia mji

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, na sababu ni moja: nahama. Gazeti ninaloandikia limeamua kuwa na mwandishi wa kudumu mkoani Njombe, na jina lililotoka kwenye kikao likawa langu. Mhariri akanipa siku kumi niende nikaangalie pa kukaa, nirudi Dar nifungashe, halafu niondoke moja kwa moja. Pale chumba cha habari wapo walionipa pole kana kwamba nimepewa kifungo. Wengine waliniuliza kama huko kuna umeme. Ndugu zanguni, Bongo sio Dar es Salaam peke yake.

Mimi sikuona msiba wowote. Mama yangu ni mtu wa Ipelele, kata moja ya wilaya ya Makete, kule juu Ukinga, na bibi yangu mzaa mama bado yupo hai huko. Njombe na Makambako nimepita mara nyingi nikienda kumsalimia. Lakini kupita ni jambo moja na kukaa ni jingine. Mtu anayepita anaangalia chipsi ziko wapi na basi linaondoka saa ngapi. Anayekwenda kukaa anaangalia mambo tofauti kabisa.

Hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua, nikiwa dirishani kwenye basi baada ya kuipita Iringa. Ni nani walikuja kuziangalia sehemu hizi kabla yangu, na walikuwa wanatafuta nini? Mji hauoti kama uyoga. Kuna mtu alisimama mahali fulani, akatazama, akasema hapa panafaa. Aliona panafaa kwa shida yake yeye, si kwa shida yangu mimi ninayekuja miaka mingi baadaye na godoro na jiko la gesi.

Tuanzie huko juu Ukinga, maana ndiko walikofika baadhi ya wapelelezi tunaowafahamu kwa maandishi. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na mzee mmoja aliyekwisha kufanya kazi Afrika Kusini, Alexander Merensky, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Hawakupita njia ya Dar es Salaam. Walipanda mto Zambezi, wakafuata mto Shire, wakavuka ziwa hadi upande wa Wanyakyusa. Mwaka huo huo wakafika Wamoraviani, nao wakijitafutia mahali, wakaanza Rungwe. Vyama viwili vya misheni, nchi moja, mwaka mmoja. Ikabidi wagawane maeneo, na mgawanyo ule unaonekana hadi leo: ukiwa Tukuyu unakutana zaidi na Wamoraviani, ukiwa Makete na Njombe unakutana zaidi na Walutheri.

Watu wa Berlin walianzia chini karibu na ziwa. Joto, mbu, homa. Wakainua macho kwenye milima, na mwaka 1895 wakajenga Bulongwa, Ukinga, ambako baridi inakung'ata masikio asubuhi. Mwaka 1898 wakawa wameanza Kidugala, upande wa Wabena. Kwa hiyo wao walikuwa wanatafuta mahali ambapo Mzungu hafi kwa malaria. Hilo ndilo lililoamua shule ya kwanza itakuwa wapi, kanisa la kwanza litakuwa wapi, na watoto wa nani watajua kusoma kabla ya wengine. Bibi yangu anasoma Biblia vizuri sana, na ukifuatilia sababu utarudi hadi kwenye mbu wa Ziwa Nyasa!

Serikali ya Mjerumani yenyewe ilikosea kuchagua. Ilijenga kituo chake kikuu cha eneo hilo pale mwambao wa ziwa, chini ya milima ya Livingstone, ikakiita Langenburg kwa heshima ya mkuu mmoja wa huko kwao. Ukiangalia ramani utashangaa. Mbele maji, nyuma mlima uliosimama kama ukuta. Aliyepachagua alikuwa anafikiria meli, kwa sababu mwaka 1893 Wajerumani waliishusha ziwani meli yao ya Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande. Kwa meli pale palikuwa pazuri. Kwa mtu wa kutawala nchi ya milimani hapakufaa, na mwanzoni mwa karne ya 20 makao yakahamishiwa juu, Langenburg Mpya, ambayo sisi tunaiita Tukuyu. Ya zamani ikabaki magofu.

Mambo haya hayakuanzia huku. Sultani Majid wa Zanzibar alipoitazama Mzizima miaka ya 1860 aliona bandari iliyojificha vizuri, akaanza kujenga Dar es Salaam. Alipofariki mwaka 1870 mdogo wake Barghash hakuwa na hamu nayo, mji ukadorora hadi Wajerumani walipouhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, nao kwa sababu ile ile ya bandari. Ndio maana hadi leo katikati ya jiji pamebanwa na maji na sisi tunakesha kwenye foleni tukielekea pande zile zile. Aliyechagua hakuwa na mpango wa kwenda Mbagala jioni.

Haya, turudi Njombe.

Njombe mjini utapapenda. Pana miti, pana vilima, hewa unaivuta hadi chini ya tumbo. Asubuhi za mwezi wa saba unatoa moshi mdomoni kama mvuta sigara. Wenyeji ni Wabena, na salamu ya "Kamwene" unaipokea kila hatua kumi. Si nchi iliyopokea wageni kwa kupiga magoti. Septemba 1905, wakati wa Maji Maji, mtawala wa Wabena, Mbeyela, aliishambulia misheni ya Yakobi, si mbali na mji wa leo. Misheni ilinusurika na Mbeyela akaandamwa hadi mwisho wake. Nimeuliza vijana kadhaa wa pale stendi kama wanamjua. Wawili walimjua kama jina la shule. Sijui nicheke au nilie.

Waingereza waliifanya Njombe makao ya wilaya, na mwaka 1949 likaja shirika lao la maendeleo ya makoloni likaanzisha kampuni ya miwati, TANWAT. Miwati ni ile miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kulainishia ngozi viwandani. Waliopachagua mahali hapa walitazama baridi, mvua na ardhi pana. Miti ile na chai ndivyo vilivyoupa mji mishahara kwa miaka mingi kabla ya biashara ya parachichi unayoisikia sasa. Njombe kwa maneno mengine ni mji wa ofisi na mashamba. Una utulivu wa mtu mwenye mshahara wa mwezi.

Lakini kuna upande mwingine wa historia ya Njombe ambao haumo kwenye picha za miti. Wilaya hii ilikuwa ghala la vibarua. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kukusanya watu, SILABU, chenye mawakala hadi Nyanda za Juu Kusini. Kijana aliandikishwa, akapewa namba, akapakiwa kwenye lori. Ndio asili ya neno manamba. Huko alikabidhiwa kipande chenye nafasi 30 za siku za kazi, na hadi zijae zote ndipo alipwe. Wabena walikwenda, Wakinga walikwenda, Wapangwa walikwenda.

Tazama sasa: yule alihamia mahali ambapo hakupata kupaona hata kwa picha. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliyemwelezea Tanga ni wakala, na wakala analipwa kwa kichwa. Njia pekee ya kujua ukweli ilikuwa kusubiri aliyetangulia arudi, umtazame. Amerudi na nini? Amekonda? Anakohoa? Bibi anasema baba yake, yaani babu wa mama yangu, alikwenda mkonge mara moja tu, akarudi na blanketi, sufuria na kovu mguuni. Ndugu zake walipomwona hawakuuliza maswali mengi. Hakuna mwingine kwenye ukoo aliyekwenda Tanga.

Naomba mnivumilie hapa, maana hapa ndipo nilipopata jambo ambalo kwenye somo la historia chuo kikuu sikulipata. Tunasoma sana kuhusu wale waliotumwa kuangalia na serikali au kampuni. Wana ramani, wana ripoti, wamehifadhiwa. Lakini watu wa kawaida nao walikuwa na utaratibu wao wa kuangalia mji kabla ya kuhamia, utaratibu makini kabisa, na haukuandikwa popote. Walimtumia mtu.

Makambako ni mfano mzuri. Njombe hadi Makambako ni kilomita 60 hivi tu, lakini unashuka gari ukidhani umevuka nchi. Miti imepungua, upepo unapeperusha kofia, malori yamejipanga, mama lishe wako macho usiku kucha. Hapa hakuna mmisionari aliyekimbia mbu wala mlowezi aliyetafuta shamba la miwati. Hapa walikuja watu wenye vyombo vya kupimia mwinuko.

Mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, na Zambia ikajikuta njia yake ya baharini iko mikononi mwa adui. Mafuta na shaba vikaanza kupita kwa malori katika barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam, barabara ambayo madereva waliifananisha na jehanamu kwa ajali zake. Wamarekani wakasaidia kuiwekea lami. Reli ndiyo iliyogomewa na wakubwa wa Magharibi, waliosema hailipi. Septemba 1967 makubaliano na China yakatiwa saini Beijing, na mwaka 1968 wapimaji wa Kichina wakaingia porini na wenzao Watanzania. Walikuwa wanatembea kwa miguu. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860 hivi ikakabidhiwa.

Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa Mlimba hadi Makambako. Kutoka bonde la Kilombero treni inatakiwa kupanda zaidi ya mita 1,000 kufika kwenye uwanda wa juu, na treni haipandi kama bodaboda. Inataka mteremko wa taratibu. Mahandaki mengi ya reli nzima yako kwenye kipande hicho, na madaraja yasiyohesabika kwa haraka. Pale reli inapomaliza kupanda na kukutana na barabara kuu ya Zambia, na pale inapochepuka njia ya Njombe na Songea, ndipo ilipo Makambako. Miaka ya 1980 barabara hiyo ya Songea nayo ikapata lami kwa msaada wa Uingereza. Njia panda ikakamilika.

Kwa hiyo Makambako ilichaguliwa na mwinuko. Wapimaji hawakuwa na kosa, kazi yao ilikuwa kuifikisha treni Zambia na waliifanya kwa ustadi wa kutisha. Zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha katika mradi ule, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam, unaweza kwenda kuyaona. Ila hakuna aliyewatuma kuuliza kama watu laki moja wanaweza kupata maji ya kunywa mahali pale. Maji yamekuwa kilio cha Makambako muda mrefu. Nilishuhudia guta zikipita na madumu ya njano mapema asubuhi, bei ikipanda kadiri jua linavyopanda. Mradi mkubwa wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022, umeitaja Makambako pamoja na Njombe na Wanging'ombe. Yaani karibu nusu karne baada ya treni ya kwanza, bado tunalipia swali ambalo halikuulizwa.

(Na kabla hujawalaumu wageni, kumbuka Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilipoamriwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia kijijini, wengi walipangiwa mahali na watu waliopita kwa Land Rover siku moja. Kando ya reli nako watu walikusanywa kwenye vijiji ili wawe walinzi wake. Tulikuwa na serikali yetu wenyewe, na bado aliyehamishwa hakuwa yule aliyepelekwa kuangalia.)

Sasa nije kwa Wakinga, watani zangu wa upande wa baba wasije wakasema najipendelea.

Ukienda Makambako, Njombe, Mbeya, Iringa, hata Kariakoo, ukaingia duka la jumla, uwezekano wa kumkuta Mkinga ni mkubwa. Watu wana hadithi zao za kichawi kuhusu jambo hilo, na mimi nimechoka kuzisikia. Mambo yenyewe hayana uchawi. Mwaka 1976 treni ilipoanza, mjomba wangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa na miaka 19. Ukoo ulikaa ukamwambia aende Makambako. Hawakusema nenda ukafanye kazi. Walisema nenda ukaangalie. Akapewa nauli, akapewa gunia la viazi la kujifanyia mtaji, akaambiwa arudi baada ya mavuno mawili.

Akarudi kama alivyoagizwa. Bibi anakumbuka walivyokaa jikoni usiku kucha, wazee wakiuliza. Treni inasimama muda gani? Abiria wananunua nini? Pareto wananunua huko au ni Iringa tu? Nani kutoka Makete yupo tayari, na analala wapi? Chumvi ni bei gani? Mvua ikinyesha barabara ya kuja huku inafungwa siku ngapi? Kijana yule alijibu yote, na pale ambapo hakujua alisema sijui. Mimi ni mwandishi wa habari, nimekaa kwenye mikutano na mawaziri, sijapata kuona mahojiano ya namna hiyo.

Baada ya hapo hakwenda peke yake. Alifuatana na mdogo wake, kisha binamu. Utaratibu ulikuwa kwamba anayefika anakaa kwa aliyetangulia, anafagia duka, anabeba mizigo, anajifunza hesabu, hadai mshahara. Baada ya miaka kadhaa anapewa bidhaa za kuanzia na kuonyeshwa mtaa wa kufungulia. Mwaka 1983 wakati wa msako wa wahujumu uchumi mjomba alifunga duka akarudi Ipelele kulima viazi kimya kimya. Ulipolegezwa uingizaji wa bidhaa mwaka 1984, na baadaye Mzee Ruksa alipoingia Ikulu, alikuwa wa kwanza kwenye mtaa wake kuuza mitumba. Bibi anahesabu vijana 11 wa kitongoji chao waliopitia mkononi mwa mjomba. Aliangalia kwa niaba yao wote.

Mwaka 1996 alirudi nyumbani mgonjwa. Wakati ule hakuna aliyetaja jina la ugonjwa, lakini kila mtu alijua. Makambako ilikuwa mahali ambapo malori yanalala. Fedha inalala hapo, na wanaume walio mbali na kwao wanalala hapo. Kati ya wale 11, sita walimfuata kaburini kabla ya mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure. Makete ikawa inajulikana nchi nzima kwa yatima. Utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulikuta maambukizi mkoani Njombe asilimia 14.8, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 5.1, na uchunguzi wa 2022 na 2023 bado uliuweka mkoa huu juu ya mingine yote. Wataalamu wana maelezo mengi kuhusu sababu, na uhamaji hautajwi peke yake. Lakini mimi nikitazama picha ya mjomba ukutani Ipelele, amevaa suti ya mtumba iliyompendeza, naona kwamba alijibu kila swali aliloulizwa. Hili hakuna aliyejua kuliuliza mwaka 1976. Lisingeweza kuulizwa.

Nilifika kwa bibi siku ya sita ya safari yangu. Lami sasa inatoka Njombe hadi Makete, safari ambayo zamani tulikuwa tunashuka kusukuma gari. Kutoka hapo hadi Ipelele ni hadithi nyingine, nilipanda bodaboda nikiwa nimejifunga kitenge cha mama kichwani na sikuona aibu. Misindano imeota kila kilima, siku hizi mtu akiwa na fedha kidogo anapanda miti. Bibi alinikalisha karibu na moto, akanipa viazi na chai, kisha akaanza. Nilidhani ataniuliza habari za Dar. Hakuuliza.

"Mjukuu wangu, huko unakokwenda kukaa, maji wanachota wapi?"

Nikamweleza Njombe na Makambako, kila moja na hali yake.

"Na mtu wa huku akifia huko, wanamzika wapi?"

Nikasema wengi wanarudishwa nyumbani. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi bado hawajahamia," akasema. "Bado wanaangalia."

Nikamuuliza kama mjomba mdogo, mwenye duka Makambako tangu 1981, amehamia. Bibi akacheka, akasema huyo ana kiwanja cha kaburi hapa nyuma ya nyumba, kakichagua mwenyewe, chini ya mti. Miaka zaidi ya 40 mjini!

Hilo lilinifanya nifikirie mambo mengi njiani, na mojawapo ni Dodoma. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, mamlaka ya ustawishaji ikaundwa, ramani zikachorwa na wataalamu wa Canada. Serikali yenyewe ilianza kuhama kwa kweli mwaka 2016, Waziri Mkuu akitangulia. Katikati hapo ni miaka 43 ya kwenda kuangalia. Watumishi walikwenda kwa vikao vya Bunge, wakalala hotelini, Ijumaa wakarudi Dar. Bibi angewaelewa vizuri sana.

Basi, mwisho wa yote nilitakiwa kuchagua. Mhariri alisema mkoa ni Njombe, ofisi ya mkuu wa mkoa iko Njombe tangu mkoa ulipomegwa kutoka Iringa Machi 2012, kwa hiyo kaa Njombe. Mjomba wa Makambako alisema habari hazikai ofisini, habari zinashuka kwenye malori, kaa kwangu nyumba ipo, kodi ya nini? Alisema pia, na hili lilinigusa, kwamba Makambako ilistahili kuwa makao ya mkoa na kwamba hawakutendewa haki. Wazee wa kijiwe chake wote wakaitikia. Kuna wivu mzuri tu kati ya miji hii miwili, mmoja una wakubwa na mwingine una fedha. Kwangu mimi Makambako ina habari nyingi kuliko Njombe, na ukinipeleka pale saa saba usiku kituo cha mafuta nitakuletea kurasa tatu kabla ya mapambazuko.

Nimechukua chumba Njombe. Ni chumba na sebule, mtaa wa juu kidogo ya soko, luku ya peke yangu. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, Mbena, aliyetaka kodi ya miezi sita na kunihoji kwa saa nzima: kabila, dini, kazi, nina mke au sina, napiga muziki saa ngapi. Nilipomaliza kujibu nikamwomba na mimi nifungue bomba la uani. Nikalifungua asubuhi, nikarudi mchana nikalifungua, nikarudi saa mbili usiku nikalifungua tena. Yule mama aliniangalia kama mwendawazimu. Mara zote tatu yalitoka, ya usiku yakiwa ya baridi hadi vidole vinauma. Akaniambia mwezi wa kumi na wa kumi na moja huwa yanasuasua, ninunue pipa.

Jumamosi za mwisho wa mwezi nitakuwa Makambako kwa mjomba. Bibi ametuma maneno kwa mtu wa bodaboda kwamba anataka nirudi baada ya mavuno mawili, nikae jikoni, niulizwe. Pipa nimeshanunua, la lita 200, ingawa mlango ulikuwa mwembamba na ilibidi tuling'oe komeo ili liingie.